Gurudumu la Nyuma Kushoto

Chunyu, Ruangwa
4 Juni 2024

Kwako Fidelis, mla panya wa Nambambo,

Barua hii inanuka kuku kwa sababu imesafiri na kuku. Hemedy anakuja huko Nachingwea na pikipiki yake kuuza majogoo, nimemwambia akukabidhi mkononi. Kukupigia simu ni kazi bure, masikio yako yaliharibiwa na nyundo za gereji, na ujumbe wa simu hautoshi matusi niliyokuwekea. Hatujambo. Mwamini anakusalimu. Mimi ningekuwa na adabu ningekusalimu pia.

Nina mambo mawili, moja la heri. Samia anaolewa. Kijana ni Ashraf wa Naipingo, huko huko wilayani kwenu, na harusi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Nitampeleka mwenyewe kwa Sululu, pikapu yangu. Unakumbuka dada yake Hajra alivyotoka hapa kwangu: juu ya bodaboda, mvua inampiga, gauni jeupe limekuwa la udongo, na mawifi wanamcheka mpaka leo. Siku ile niliapa. Hii pikapu niliinunua kwa kiapo kile. Binti yangu wa mwisho atatoka ndani ya gari la baba yake, amekaa kiti cha mbele, na mashangazi nyuma wakipiga vigelegele mpaka Naipingo.

La pili ni huyo huyo Sululu. Kama ujuavyo, ana umri mkubwa kuliko bibi harusi, na namba za kilomita ziligoma kuhesabu zamani. Sasa breki. Ukikanyaga mara ya kwanza pedeli inazama tu. Ukipampu mara ya pili inashika, na ikishika gari linavuta kulia. Niandikie ni ugonjwa gani, nimwambie fundi wa hapa Ruangwa. Usiniambie nilete gari gerejini kwako. Ufuta umekauka, nikiuacha utapukutika wote shambani.

Mtani wako usiyemstahili,
Mikidadi


Nambambo, Nachingwea
7 Juni 2024

Mikidadi, bahili wa Chunyu,

Hemedy amefika, kuku wamefika, barua imefika. Zawadi ya kunipa kazi sijaiona. Watu wengine wakiomba ushauri hutuma hata viazi vya porini, ming'oko ya kuchemsha.

Hongera kwa Samia. Namhurumia Ashraf, hajui ukoo anaoingia.

Sasa sikiliza. Gari gonjwa halitibiwi kwa barua, lakini kwa kuwa hutaki kuja, nijibu maswali haya, na ujibu mwenyewe, usimtume mtu akaangalie. Kwanza, kikopo cha mafuta ya breki kinapungua? Pili, ingia chini ya gari, pitisha kidole nyuma ya kila gurudumu, upande wa ndani. Pana unyevu? Tatu, washa injini, kanyaga breki taratibu na uikalie. Pedeli inabaki pale pale au inaendelea kushuka chini ya mguu wako? Nne, baada ya safari gusa ringi za magurudumu yote manne. Lipi la moto, lipi la baridi? Gurudumu lililofunga breki linapata moto. La baridi lilikuwa linasindikizwa tu na wenzake.

Na hili la tano: nani amewahi kuzishika breki hizo kabla yangu, na alifanya nini?

Mpaka nipate majibu, usibebe mzigo kwenye mteremko. Ukifa kabla ya harusi utanipa kazi mbili wiki moja.

Fidelis Emmanuel, fundi wako na mrithi wako


Chunyu
10 Juni 2024

Ewe mrithi wa viraka,

Nimeingia chini ya gari kama ulivyoamuru, nimetoka na mavumbi ya wilaya nzima. Majibu haya hapa.

Kikopo hakipungui. Magurudumu yote ni makavu, kidole kimetoka na udongo tu. Pedeli ukiikalia inashuka polepole. Ya kulia ni ya moto, mbele na nyuma. Ya kushoto ni ya wastani. Fundi aliyewahi kushika ni mmoja tu, alirekebisha kitu kidogo wakati wa Ramadhani, na alikuwa mzuri kuliko wewe kwa sababu hakuniuliza maswali kama polisi.

Ufuta tumeanza kuupiga kwenye turubai. Jana nimepeleka mzigo wa kwanza. Mteremko wa mtoni nilishuka kwa gia ya pili, nikapampu vizuri, Sululu akasimama pale nilipotaka. Karibu na pale nilipotaka.

Mwamini anauliza utakula nini siku ya harusi. Nimemwambia mitego ya panya ipo.

Mikidadi


Nambambo
13 Juni 2024

Mikidadi,

Pedeli inayoshuka ukiikalia ina maana mipira ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imekwisha. Inapitisha mafuta ndani kwa ndani, ndiyo maana kikopo hakipungui na wewe unapampu. Hilo peke yake lingetosha kulisimamisha gari.

Lakini masta silinda haivuti gari upande mmoja. Linavuta kulia kwa sababu kushoto halifungi. Mimi nilisema gusa ringi useme ya moto au ya baridi, wewe umeniandikia "wastani". Miaka thelathini kwenye kazi hii sijakutana na gurudumu la wastani. Na hicho "kitu kidogo" cha Ramadhani ni kitu gani? Gari halidanganyi, mtani. Wewe ndiye ninayekujua.

Fikiri kidogo, kama inawezekana. Sisi tunaendesha kushoto. Kulia ndiko malori yanakotokea. Siku utakayokanyaga kwa nguvu, Sululu atakupeleka moja kwa moja uvunguni mwa lori.

Basi nikwambie, jembe nimeshalinoa. Kaburi lako nitalichimba mimi, ndiyo haki ya mtani, na nitalichimba fupi ili miguu ibaki nje, watu wa Chunyu wakuage vizuri. Shati lako la Idi nitalivaa siku ya arobaini. Mwamini asilitie maji mengi, rangi itapauka.

Idi njema.
Fidelis


Chunyu
19 Juni 2024

Mtani wangu,

Idi imepita salama na shati nimelivaa, ole wako. Barua yako niliisoma barazani baada ya swala, watu wamejaa, na pale pa miguu kubaki nje Bi Mwanawetu, shangazi yangu, alicheka mpaka akaomba maji. Wamesema mtani wa namna hii amebaki mmoja tu kusini nzima. Wamenifanya nirudie mara tatu.

Sululu yupo. Juzi alipumzika kidogo kwenye shamba la jirani yangu Eusebio, kati ya matita ya ufuta, lakini hakuna aliyeumia, na Eusebio mwenyewe alicheka. Ulikuwa mchanga tu barabarani. Sasa natumia gia na handibreki, tunaelewana.

Mapambo yamenunuliwa. Samia ameshaanza kukaa kwenye kiti cha mbele anajizoeza kupunga mkono. Ungemwona.

Mikidadi


Nambambo, Nachingwea
22 Juni 2024

Ndugu Mikidadi Harithi,

Leo sitanii. Nimekaa siku mbili natafuta maneno yasiyo na mzaha, na kumbe kwako sinayo, sijawahi kuyatumia.

Mchanga haupeleki gari kulia kila mara. Gari lako halina breki upande wa kushoto, na zilizobaki zinasimama kwa mipira iliyochoka. Nakuomba usimpakie Samia kwenye gari hilo. Usimpakie Mwamini, usipakie mashangazi. Handibreki haisimamishi gari lenye watu kwenye mteremko. Liache nyumbani. Baada ya harusi nitakuja na spea mwenyewe na sitakula hata chakula chako.

Naogopa, Mikidadi. Nimeandika neno hilo na halina mzaha nyuma yake.

Wako,
Fidelis Emmanuel


Chunyu
24 Juni 2024

Hakimu Fidelis!

"Ndugu Mikidadi Harithi." "Leo sitanii." Umeniua! Mtu akimwandikia mtani wake sitanii, utani ndio huo wenyewe. Nimeisoma barazani kwa sauti ya mahakamani. Bi Mwanawetu amesema hii imeipita ile ya kaburi.

Jumamosi tunaondoka asubuhi. Tutapita hapo Nambambo, toka nje ya gereji ukatupungie. Vaa suruali safi.

Mikidadi


Chunyu
25 Juni 2024

Shemeji Fidelis,

Samahani kwa kukuandikia bila mwenyewe kujua. Hemedy nimemwapisha asimwambie. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utanivumilia.

Kitu kidogo cha Ramadhani ni hiki. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linavuja. Fundi wa njiani hakuwa na spea, akalikunja lile bomba jembamba kwa koleo, akaligonga likabanana, akasema sasa halivuji tena na breki zitapanda. Nilikuwepo. Mikidadi alimshukuru sana. Kwa hiyo ukiuliza pana unyevu, ni kweli pakavu.

Na siku ile kwenye ufuta wa Eusebio haukuwa mchanga. Lilikuja lori. Mikidadi akakanyaga, gari likageukia lile lori, akazungusha usukani tukapita upande wa pili wa barabara mbele yake, tukaingia shambani. Mimi nilikuwa ndani. Dereva wa lori alishuka, akatuangalia, akapanda akaondoka. Eusebio hakucheka. Alikaa chini.

Shemeji, barua zako zote Mikidadi amezielewa. Anazisoma mbele za watu huku anacheka, wakicheka na wao anasema mmeona, ni utani. Lakini alfajiri namkuta amekaa ndani ya Sululu, injini imezimwa, anapampu breki peke yake. Nikimuuliza anasema anasafisha. Ameshawaambia watu wa Naipingo kwamba bibi harusi anakuja na gari la baba yake, na kila akimtazama Hajra anaona lile gauni la udongo. Mimi nimemwambia, kaka zangu wamemwambia. Anatuambia hatujui magari.

Mbele tutakaa yeye, Samia katikati, na mimi. Nyuma ni Bi Mwanawetu na wanawake wote wa ukoo na watoto wao.

Ukija kama fundi atakufukuza. Ukija kama mtani hawezi. Alhamisi hatakuwepo mchana, anakwenda Ruangwa kwa pikipiki ya Hemedy kuchukua mchele.

Shemeji yako,
Mwamini


(Kimeandikwa kwa mkaa nyuma ya boksi la spea, kimewekwa juu ya jiwe)

Alhamisi

Mikidadi, bahili wa Chunyu!

Mtani wako amepita, hakukukuta, akaona gari lako lina magurudumu manne. Manne ya nini mtu mmoja? Nimejichukulia moja, la nyuma kushoto, maana halikuwa na kazi. Na nati zake zote. Gari nimelikalisha juu ya mawe vizuri, na ya mbele nimeyawekea mawe pia.

Nimelivingirisha kijiji kizima nikiimba, na wanawake wako wameniitikia. Bi Mwanawetu amenipa kuku kwa furaha. Gurudumu la akiba nalo nimelichukua, lilikuwa linaniangalia.

Ukitaka kukomboa nipo Ruangwa mjini kwa dada yangu Albina.

Fidelis


Chunyu
Alhamisi, 27 Juni, jioni

Fidelis,

Huu si utani. Nimerudi na magunia ya mchele juu ya pikipiki ya Hemedy, nakuta gari la harusi limekaa juu ya mawe na watoto wanacheza chini yake. Kesho kutwa ndiyo safari. Umefanya nini? Nani alikwambia siku na saa nitakayokuwa sipo?

Nimetaka kuja huko huko kwa Albina na panga. Nakwambia kweli. Bi Mwanawetu amenishika shati mbele ya watu wote. Amesema aliyechukua ni mtani, na mtani hagombwi, na nikigomba yeye hatakwenda harusini. Wote wanacheka! Nimesimama uani kwangu, binti yangu analia ndani, na ukoo mzima unacheka, nami natakiwa nicheke.

Sitanii, Fidelis. Mwache Hemedy arudi na gurudumu na nati kesho asubuhi. Ukitaka mbuzi chukua mbuzi. Watu wa Naipingo wanalisubiri gari. Sitamtoa binti yangu kwa bodaboda mara ya pili. Afadhali nife.

Mikidadi Harithi


Ruangwa mjini
Ijumaa, 28 Juni, asubuhi

Mtani wangu,

"Sitanii." Umeniua! Nimemsomea Albina kwa sauti ya mahakamani.

Mbuzi sitaki. Fidia yangu ni ndogo. Sululu akiwa hapo hapo juu ya mawe, ingia, washa injini. Kata usukani mpaka mwisho ili ule mpira wa breki wa mbele kushoto uonekane. Mwamini asimame pembeni autazame. Ni mpira mweusi unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu. Jana niliubana kwa vidole, umevimba kwa ndani na una nyufa kama kisigino. Tangu wakunje bomba la nyuma, kushoto kote kumeutegemea mpira huo. Sikuugusa kwa zana yoyote, Mungu ni shahidi, na Bi Mwanawetu alikuwa amenisimamia na kuku wake.

Halafu kanyaga breki. Usikanyage kama unavyokanyaga alfajiri. Kanyaga kama ulivyokanyaga siku ya lile lori.

Ikishika, na ikabaki imeshika ukihesabu mpaka kumi, Hemedy aliyekuletea barua hii atarudi kunichukua, mimi na gurudumu na nati zote. Nitalifunga mwenyewe kwa mikono yangu na nitapanda nyuma pamoja na mashangazi mpaka Naipingo. Naapa. Nitakaa juu ya bodi la nyuma kushoto.

Hemedy anasubiri jibu lako, neno moja linatosha.

Fidelis


Chunyu
Jumapili, 30 Juni 2024

Fidelis,

Hemedy alikuletea lile neno moja, "Baki nalo", na najua ulitaka zaidi. Juzi sikuweza.

Nilifanya ulivyosema ili nikuaibishe. Niliwaita watu. Nilitaka waone breki zinashika, kisha nije Ruangwa nikutukane mpaka Albina akufukuze. Mwamini akasimama kwenye gurudumu la mbele na kanga yake mpya, doti ya harusi, sijui kwa nini aliivaa siku moja kabla. Nikawasha injini. Samia akafungua mlango wa pili akaingia akakaa kiti cha mbele, mahali pake pale pale. Mikono ameiinua juu kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi. Akasema anataka kuonja gari lake kabla gurudumu halijarudishwa.

Nikakumbuka lori. Nikakanyaga.

Ilishika, Fidelis. Nikahesabu moja, mbili, nikamtazama Mwamini nikacheka. Tatu. Ndipo mpira ukapasuka. Haukutoa mlio mkubwa, lakini Mwamini alipiga kelele na kanga yote ikalowa mafuta. Pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Nikapampu kama nilivyozoea. Nikapampu tena. Nilipampu hata sijui mara ngapi, na gari halikuwa linakwenda popote, liko juu ya mawe, na mimi napampu. Samia akaniuliza, "Baba, mbona haishiki?"

Nilizima injini nikabaki nimekaa, na yeye akabaki amekaa na mikono yake juu. Nje hakucheka mtu.

Jana alitoka kwa pikipiki ya Hemedy. Matenga ya kuku yaliteremshwa, tukaweka mto, Hajra mwenyewe akamfunika kanga tatu kwa sababu ya vumbi, na ndiye aliyemwambia namna ya kukaa gauni lisiguse mnyororo. Mashangazi walipanda basi la asubuhi. Nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki nyingine njia nzima, nayaona mabega yake mbele yangu. Tuliposhuka mteremko wa mtoni lilikuja lori, likapita. Alinyoosha mkono akampungia dereva, kama alivyojizoeza.

Mawifi walicheka, ndiyo. Mmoja aliuliza gari la baba liko wapi. Samia akamjibu kwamba limetekwa na mtani, na hapo walicheka vizuri zaidi, wakataka kusikia kisa chote, na wewe sasa ni mtu maarufu Naipingo. Nilikuona umesimama nje ya gereji tulipopita. Suruali ilikuwa chafu. Sikusimama kwa sababu nilikuwa nalia na vumbi lilikuwa halitoshi kunificha.

Kuhusu barua zako, nilizielewa zote. Hata ile ya kaburi niliielewa, kabla ya ile ya hakimu. Niliwasomea watu ili wanisaidie kucheka.

Mwamini hataki kuifua ile kanga. Ameitundika uani na doa lake. Nadhani anajua kwamba mimi ninajua nani alikwambia kuhusu Alhamisi, na hatujaongea, lakini chai ya leo ameweka tangawizi.

Njoo na hilo gurudumu wakati wowote, na masta silinda, na mabomba mapya ya kushoto kote, na huo mpira. Sululu hatatoka kwenye mawe mpaka mikono yako imguse. Na lile jembe ulilolinoa kwa ajili yangu, usiliache gerejini. Lilete. Mikorosho imezungukwa na majani, utanisaidia kupalilia.

Mtani wako,
Mikidadi